Bi Mahfudha, Aliyewapokea Wakorea wa Sur

Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, Bi Mahfudha bint Marhun anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili mapokezini, katika ofisi yetu ya maji hapa Sur, Omani.

Alianza na Kiarabu, Kiswahili cha mama yake wa Unguja, na Kiingereza kidogo. Kikorea alikipata kwa kahawa. Mhandisi mmoja wa Kikorea, mgeni, alimiminiwa finjani tisa, moja baada ya moja, akanywa zote. Maskini, hakujua kuwa ukitosheka unaitikisa finjani. Bi Mahfudha naye akadhani mtu anapenda kahawa. Walipoelewana walicheka sana, na tangu hapo mmoja akafundisha adabu ya kahawa, mwengine adabu ya maneno.

Adabu hiyo ametufundisha na sisi, saa ya chai. Chukua kitenzi, kata ile "da" ya mwisho. Kilichobaki, tazama irabu yake ya mwisho: ikiwa a au o, tia "ayo", nyengine zote, na "eo" ni irabu moja miongoni mwao, tia "eoyo". Meokda, kula, k yake inalainika, inakuwa meogeoyo. Hada, kufanya, ina njia yake peke yake: haeyo. Ukiiacha hiyo "yo" mbele ya mkubwa, husema, "umempita mzee bila ya shikamoo, na mimi sikukulea hivyo."

Mwaka huu alitakiwa aache mtu wa kushika kiti chake. Alinichagua mimi, nikifaulu mtihani wa Kikorea: mkataba wangu unakwisha, mtoto ana miezi minane, na skuli niliishia darasa la kumi. Siku ya mtihani akaja Bwana Han, mkuu wetu wa Maskati, akaniuliza swali kwa Kikorea. Yote niliyosoma yakanitoka. Bi Mahfudha yuko nyuma ya kioo, kaziba mdomo kwa ushungi. Nikaona jambo moja tu: mgeni kasimama. Anjda, kukaa. Nikakata, nikaona a, nikatia.

"Anjayo!"

Bwana Han akakaa, akacheka, na yaliyobaki yakaja yenyewe.

"Alhamdulillahi!" Ofisi nzima ilimsikia Bi Mahfudha. "Wiam mwanangu, sasa na mimi nikakae kwangu Manah!"

Ahsante, Bi Mahfudha. Tumepumua sote. Tunakuombea afya, wajukuu wa kukuchosha kidogo tu, na asubuhi ndefu zisizo na haraka. Jumapili, wiki ya kazi ikianza, simu ikilia, usishtuke. Nitapokea mimi.