Muthomi Amesimamishwa Kukimbia

Benchi la mbele ya duka la dawa za mifugo hapo Kianjai ni ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya matofali, na aliyeuweka hakumbukwi tena. Kila siku ikifika saa tisa alasiri, Karambu, anayeuza kahawa, huja na thamosi yake ya tangawizi, na wanaume watatu wale wale huanza kutatua shida za watu wengine. Jumanne hiyo shida ilikuwa ya mmoja wao, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Mwenye shida alikuwa Kaburu, mkulima wa miraa. Tangu mwanawe Muthomi apate ufadhili wa kukimbia katika chuo kimoja cha Amerika, benchi lilimbatiza Baba Bingwa, naye hakulikataa jina. Asubuhi hiyo kijana alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwa simu. Kaburu alikuwa ameusikiliza mara sita peke yake. Sasa aliucheza wenzake wausikie.

— Baba, wamenisimamisha kukimbia. Ni maksi. Zisipopanda kufika Krismasi, skolashipu inaisha na narudi nyumbani.

Kaburu akairudisha simu mfukoni. Kijana alikuwa amekaa huko miezi mitatu tu, na kanisa zima lilikuwa limemwombea safari njema. Alikuwa anaogopa, wala hakujaribu kuficha.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwenda. Huyu anaitwa Refa kwa sababu aliwahi kupuliza filimbi katika mechi moja ya shule za msingi, na tangu siku hiyo hutoa uamuzi juu ya kila kitu.

— Maksi ni kisingizio tu. Skolashipu walimpatia ni ya miguu. Sasa wanapima kichwa ya nini?

Kisha akaeleza, utadhani alikuwepo, kwamba lazima pale chuoni kuna kijana aliyekuwa namba moja kabla Muthomi hajafika, na baba yake ni mtu mkubwa. Huyo ndiye ameogopa. Dakika ishirini na tisa na sekunde arobaini na moja kwa kilomita kumi si mchezo. Muda huo wa Muthomi benchi lote lilikuwa nao kichwani, hata Karambu.

Murithi, mwenye duka, hakukubaliana naye. Wanamwita Dawa, na ugonjwa wowote wa binadamu yeye huutafutia mwenzake kwenye zizi.

— Ng'ombe ukimbadilishia lishe ghafla, maziwa inakauka. Huyo kijana wamembadilishia chakula, kichwa ikakauka. Mtumie unga ya wimbi, kilo kumi. Utaniambia.

Karambu, akimimina kahawa, alisema labda kijana anachoka tu. Anakimbia alfajiri, anaingia darasani akisinzia, jioni anakimbia tena. Hakuna aliyemjibu, maana maneno hayo hayakuwa na utamu.

Refa akasonga mbele. Akasema kule ni tambarare na hewa yake ni nzito, na mtu aliyezaliwa huku juu hawezi kufikiri vizuri ndani ya hewa kama hiyo. Muthomi aombe kufanyia mitihani ghorofa ya mwisho. Dawa akafikiri kidogo, akasema hiyo hewa ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba wanamtaka achukue pasipoti yao akimbie kwa niaba ya nchi yao, na maksi watazishikilia hadi atie sahihi. Refa akaongeza kwamba kijana mdogo vile hatii sahihi bila mzazi, kwa hivyo Kaburu ataitwa. Ataitwa hivi karibuni. Afadhali aanze kutafuta karatasi za kusafiria na koti zito.

Kaburu alijikuta anauliza karatasi hizo huchukua muda gani kutoka. Kwa dakika chache alijisikia nafuu, maana kati ya makosa yote yaliyotajwa hapo, hakuna lililokuwa la mwanawe wala lake.

Pembeni ya mlango alikuwa amesimama msichana anayeitwa Winrose, mgeni pale kijiweni, amekuja kununua chanjo ya vifaranga. Alikuwa amesubiri karibu nusu saa Dawa ainuke amhudumie.

— Samahani wazee, alisema. Kwani Muthomi anasomea nini huko?

Refa alimtazama Kaburu. Dawa naye alimtazama Kaburu. Kaburu alijua saizi ya viatu vya kijana. Alijua jina la kocha na tarehe ya kila mbio. Kila Jumapili walipoongea alimuuliza amekimbia kwa muda gani, akamuuliza mguu unaendeleaje, kisha akampa mama yake simu. Hilo la kusomea nini hakuwahi kuliuliza hata siku moja.

Akamgeukia Refa, maana Refa ndiye aliyejaza fomu ya chuo kule saiba, kwenye kompyuta za kulipia.

— Ulijaza nini pale kwa kozi?

Refa alikizungusha kikombe mkononi.

— Fomu ilikuwa inakataa kwenda mbele. Muthomi alikuwa mazoezi, na saiba inataka kufungwa. Nikachagua ile ya juu kabisa kwa listi.

— Ya juu ni gani?

— Ilikuwa inaanza na A.

Dawa aliinuka na kwenda kumtolea Winrose chanjo yake. Kaburu alitoa simu akampigia mwanawe. Ilikuwa imefika saa kumi, na huko Amerika ilikuwa asubuhi. Muthomi alishika upesi, hata hakungoja salamu.

— Baba, leo nimekimbia peke yangu, kilomita kumi na mbili. Mguu hauna shida. Muda pia si mbaya, ni vile tu kulikuwa na upepo.

Kaburu alimwacha amalize. Alisikia aibu, kwa sababu kujibu simu namna hiyo kijana alikuwa amefundishwa na yeye mwenyewe.

— Wacha mguu, alisema. Hiyo kitu unasomea inaitwaje? Na inakushinda wapi?

Kaburu akasikia mlango ukifunguliwa upande ule.

— Ngoja nitoke nje, Baba, Muthomi alisema. Nikuambie vizuri.