Mama Tarehe wa Kipindi cha "Siku Kama ya Leo"

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliotushika mkono tangu Jumapili, familia imeomba historia hii isomwe polepole, kwa sababu mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Tarehe, hakupenda kabisa habari isomwe mbiombio, na alizoea kusema kwamba msomaji anayekimbia ana jambo analolificha.

Marehemu alizaliwa mwaka 1948, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, ila siku na mwezi familia haina, maana alichokumbuka mama yake ni kwamba kulikuwa na manyunyu, baba yuko juu anapigilia mabati ya shule, na aliposhuka kuja kula akakuta wameongezeka nyumbani.

Januari 1956 alianza darasa la kwanza katika shule hiyo hiyo, ambako mwalimu mkuu, alipoona nusu ya darasa hawajui walizaliwa lini, aliwaandikia wote tarehe 1 Julai, na marehemu alipenda kusimulia kwamba alisoma na mapacha wake wengi, kila mmoja na mama yake, akicheka mpaka anafuta machozi, ingawa waliomjua vizuri waliona kwamba tarehe ile ya kubandikwa ilimkera. Alimaliza sekondari Desemba 1967, akasomea upigaji chapa, na tarehe 2 Machi 1970 akaajiriwa na kituo cha redio, ghorofa ya pili, katika chumba kisicho na dirisha chenye mashine nne za chapa na feni moja iliyozunguka ikijisikia.

Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1974 mtangazaji wa kipindi cha "Siku Kama ya Leo" alifika kazini sauti imemkauka, hata salamu haitoki, na mkuu wa vipindi alipoangaza macho huku na huku alimwona yule binti wa chapa amesimama na karatasi alizozichapa mwenyewe, akamwambia aingie studio asome alichokiandika. Aliingia, akasoma kwamba siku kama ile, mwaka 1945, vita kuu vilimalizika Ulaya, akasoma na salamu za watoto waliozaliwa tarehe hiyo, na alipotoka mkuu wa vipindi alimwambia tu, "Kesho uje mapema." Kesho hiyo ilimchukua hadi kustaafu.

Mliokuwa mkinywa chai na sauti yake mnajua jinsi kipindi kilivyokwenda, saa moja kasorobo kila asubuhi, kwanza mambo ya dunia, ndege ya kwanza kuruka, nchi fulani kupata uhuru, kisha mambo ya hapa hapa, siku soko lilipofunguliwa, siku taa za kwanza za barabarani zilipowashwa na madereva wakasimama kuzishangaa hata zilipokuwa za kijani, na mwisho kadi za salamu za waliozaliwa siku hiyo. Mabosi walimwambia mara nyingi apunguze salamu, wakisema hazina uzito wa historia, naye akawajibu kwa heshima zake zote kwamba kila mtu mkubwa anayemsoma pale juu, mwanzoni mwa kipindi, aliwahi kuwa mtoto wa mtu aliyezaliwa siku fulani bila yeyote kupiga tarumbeta, na kwamba hawezi kujua yupi kati ya wale wa kwenye kadi atakuja kusomwa juu. Hakupenda neno "inasemekana", na jambo ambalo hakulithibitisha hakulisoma, hata likiwa tamu vipi.

Kuhusu ndoa, tarehe 20 Julai 1977 alisoma kwamba siku kama ile, mwaka 1969, binadamu alikanyaga mwezi, na kabla hata hajamaliza chai yake mapokezi wakampigia simu kwamba kuna fundi bomba amekuja na ovaroli lake na spana mkononi, anataka kumwona msomaji. Fundi alisema yeye aliisikia habari ile redioni alfajiri ya tarehe 21, anaikumbuka kama jana, na msomaji amepotosha umma. Marehemu alimkalisha, akamfungulia kitabu kikubwa, akamwonyesha kwamba chombo kilitua tarehe 20 kwa saa za huku na za kule, lakini mguu ulipogusa udongo wa mwezi kwingine ilikuwa bado tarehe 20 na kwingine kumeshapambazuka tarehe 21, inategemea mtu alikuwa amesimama wapi duniani. Fundi alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 1978, na ubishi ule walihamia nao, kila mwaka tarehe 20 Julai baba anaizima redio kwa kishindo, tarehe 21 anaiwasha kwa sauti ya juu na kuuliza mbona habari ya mwezi haisomwi leo, na hata sasa ameketi hapo mbele, anatikisa kichwa, kwa maana hiyo hajakubali.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza mvulana, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1980, ambaye ni mwalimu, na wa pili msichana, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1982, ambaye ni mhandisi wa barabara, na huyu wa pili ameomba mwenyewe jambo linalofuata lisirukwe.

Tarehe 9 Novemba 1992 binti alikuwa anatimiza miaka kumi, ameketi mezani na sare zake, nywele zimechanwa, kikombe mbele yake, anasubiri jina lake redioni. Mama yake alisoma kwamba miaka mitatu nyuma, siku kama ile, ukuta wa Berlin ulifunguliwa, akasimulia kwa raha zake watu walivyoupanda na kukumbatiana juu yake, akasoma salamu za pacha wa muuza nyama, za mtoto wa jirani wa ukuta wa pili, za bibi mmoja aliyetimiza miaka themanini, kisha akatakia wasikilizaji siku njema. Wimbo wa kufungia ukapigwa. Baba, aliyekuwa ananyoa ndevu, alibaki na povu shavuni, na binti akanyanyuka, akaosha kikombe chake, akaenda shule.

Marehemu alikumbuka akiwa kwenye ngazi za kituo, fundi mitambo alipomuuliza binti yake hajambo, na waliokuwepo wanasema alishika ukuta. Alirudi nyumbani jioni na keki kubwa kuliko uwezo wao, binti akaitazama, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, kipindi kimekwisha."

Kesho yake, tarehe 10, alifungua kipindi kwa maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi, kwamba siku kama ya jana, miaka kumi iliyopita, alizaliwa binti yake, na yeye, anayekumbuka siku za watoto wa watu wote, aliisahau ya wa kwake, na anamwomba radhi mbele ya wote wanaomsikiliza. Alidhani anatibu, kumbe amechokonoa kidonda, maana shule nzima ilikuwa imesikia, na kufika mapumziko ya saa nne binti alikuwa ameshapewa jina la Siku ya Jana, jina lililomganda mpaka kidato cha nne. Kuanzia hapo, ikifika saa moja kasorobo, binti alikuwa akihamia kituo kingine au akitoka nje kupiga mswaki. Hawakugombana, salamu zilikuwepo na heshima ilikuwepo, ila kati yao kulikaa kitu kama kiti ambacho kila mtu anakizunguka bila kukisogeza.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Desemba 2008, na tarehe 1 Julai iliyofuata kaka mtu alimwandalia mama yao sherehe ya kuzaliwa, sebule imejaa wageni, maputo yamefungwa kwenye pazia. Mama alishukuru, akakaa, lakini mshumaa alikataa kuupuliza, akasema hii ni siku ya mwalimu mkuu, si yake, na kama alikataa kusoma jambo lisilothibitishwa kwa watu wote, hawezi kujisomea mwenyewe. Mwanawe aliumia, wageni wakajidai wanaangalia maputo.

Binti alimfuata jikoni, akamkuta anaosha glasi zilizokuwa safi, akachukua kitambaa akaanza kuzifuta, na baada ya glasi kadhaa akamwambia, "Chukua ya kwangu. Tarehe tisa Novemba. Tugawane."

Marehemu alijibu, bila kugeuka, "Hiyo nayo haijathibitishwa."

"Imethibitishwa," binti akasema. "Siku hiyo ulikuwepo."

Glasi moja ilivunjika kwenye sinki, na walipotoka sebuleni wote wawili walikuwa na macho mekundu na wanacheka, na keki ya kaka mtu ikaliwa bila mshumaa, ikaisha. Tangu mwaka huo kila tarehe 9 Novemba mama na binti walikaa upande mmoja wa meza na kukatiwa keki kwa kisu kimoja, baba akilalamika kwamba anapoteza fedha mara moja badala ya mara mbili na bado haoni faida, na wajukuu wanne waliozaliwa baadaye walikua wakijua kwamba bibi na shangazi, au bibi na mama, walizaliwa siku moja, na hakuna aliyewasahihisha.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka Agosti 2021, miguu ikivimba na pumzi ikikata, madaktari wakaona moyo umechoka, akaanza dawa na kliniki ya kila mwezi, ambako wauguzi walimngoja kwa hamu awaambie siku hiyo kumezaliwa nani. Tarehe 12 Februari 2023 alilazwa. Jumapili ya tarehe 19, asubuhi, mume wake yuko kando ya kitanda na binti anamenya chungwa, alifungua macho akauliza leo tarehe ngapi, akaambiwa. Alitafakari, kama aliyekuwa anapekua kurasa, kisha akasema, "Nyepesi. Kazaliwa yule aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Walimkatalia, nayo ikazunguka tu." Aliomba kipande cha chungwa, akakila chote, akafumba macho, na kabla ya saa nne alikuwa ametutoka, mkono wake mmoja ukiwa kwa mume wake na mwingine kwa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mzazi wao, majirani mlioleta viti, maji na mikono yenu bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake wa redio, mliojaa hapa mpaka tunajiuliza nani amebaki studio. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na mji mzima wa watu waliowahi kuitwa kwa majina yao asubuhi moja.

Mama, uliyotaka kusema umeyasema yote, nasi tulikusikia. Pumzika kwa amani.