Mashine Ilimwita Nesi: Risala ya Wasaidizi wa Ghorofa ya Nne

Mgeni rasmi, Bi. Constance Haverty, wakili uliyeteuliwa na mahakama kusimamia fidia ya simu za mashine. Bwana Mkurugenzi wa Hospitali ya Mtakatifu Brannock. Manesi wetu mliokaa safu ya mbele. Na sisi wenyewe tuliosimama huku nyuma kwa kuwa viti vimekwisha.

MAKARIBISHO

Karibu Harker's Ford. Umekuja saa tisa mchana, wa asubuhi wanatoka na wa jioni wanaingia, kwa hiyo umetukuta wengi. Wageni wakubwa wakija hapa huonyeshwa mashine mpya ya picha, hunywa kahawa, hupiga picha na mkurugenzi, kisha huondoka. Wewe umesema unataka kuwasikia waliosumbuliwa na zile simu. Hakuna aliyetuambia kwamba na sisi tumo. Hakuna aliyetukataza pia. Ndiyo maana tupo.

SISI NI NANI

Sisi ni wasaidizi wa manesi wa ghorofa ya nne, jumla yetu kumi na mmoja. Nesi anapochoma sindano, sisi ndio tunaoshika mkono. Nesi anapoandika kwamba mgonjwa amegeuzwa, ujue kuna mtu amemgeuza, na mgongo unaomuuma si wa nesi. Hatusemi hivyo kwa ubaya. Ndivyo kazi ilivyogawanywa.

Miaka minne iliyopita kulikuwa na maonyesho ya kazi kwenye ukumbi wa wazima moto. Kampuni moja inayotafutia hospitali manesi wa kibarua ilikuwa na meza pale, inagawa kalamu na mifuko ya bure. Ukitaka mfuko, unajaza fomu: jina, simu, kazi. Kwenye kazi kulikuwa na visanduku viwili tu, Nesi na Daktari. Chetu hakikuwepo. Tukatia alama kwenye Nesi, tukachukua mifuko, tukaenda zetu.

Wiki iliyofuata simu zikaanza. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa kwenye mashine, laini kama ya mtu anayeuza godoro: "Habari za leo, Nesi Duane! Kuna zamu inakusubiri." Saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi kwa mtu wa zamu ya usiku ndiyo usingizi wenyewe. Utasema, zima simu. Hatuwezi. Zamu za ziada za wasaidizi hapa hutolewa kwa simu, na anayepokea kwanza ndiye anayepata. Ukizima, umempa mwenzako mkate wako. Kwa hiyo tulilala na simu sikioni, na kila ilipolia tuliruka, na kila tuliporuka ilikuwa ni yule mwanamke.

Tulijibu ACHA, neno ambalo kwa sheria linatosha kuzikomesha simu za namna hiyo. Haikuacha. Manesi nao walijibu ACHA, haikuacha. Hapo tulikuwa sawa, manesi na sisi. Ni hapo tu.

HABARI ZA MWENZETU

Tunaomba ruhusa ya kumtaja mmoja wetu, Duane Sabo. Ana miaka hamsini na miwili. Aliacha shule akiwa na kumi na sita, baba yake alipoumia kiwandani. Wodini ana miaka ishirini na sita.

Duane naye alijibu ACHA, mara mbili. Kisha akaacha kujibu. Siku moja Rochelle Dunphy, mwenzetu, alimkuta kwenye stoo ya mashuka ameweka simu sikioni na hasemi kitu.

"We Duane, nani huyo?"

"Hakuna."

"Ni yule mwanamke wa mashine! Unamsikiliza? Jamani, mzee kapata mchumba!"

"Wewe leo kakuitaje?"

"Nesi Rochelle. Nimemkatia kabla hajamaliza."

"Mimi namwacha amalize."

Rochelle alikuja kutuhadithia, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Tukawa tunampokea kazini kwa kuimba, "Nesi Duane, zamu inakusubiri!" Naye akawa anatabasamu, anachukua beseni lake, anaenda. Hakutuambia kwamba jioni, kabla ya kuja kazini, alikuwa anasoma. Mkewe alituambia baadaye. Alikuwa akizisikiliza tena zile jumbe za sauti zilizohifadhiwa kwenye simu yake, moja au mbili, kisha anafungua vitabu. Alipofika miaka hamsini na mmoja akafanya mtihani wa kumaliza sekondari, akafaulu. Kuhesabu dozi alifundishwa na Nesi Janelle Pruitt, kiongozi wa wodi yetu, aliyekaa hapo mbele. Tunamtaja ili haki ipatikane pande zote.

MAFANIKIO

Mafanikio makubwa ni ya manesi. Waliishtaki ile kampuni, wakashinda fidia. Tunawapongeza.

Siku hundi zilipofika walifanya sherehe kwenye chumba chao. Kulikuwa na meza ya biskuti kama ya harusi, za njugu, za jemu, zile za unga wa sukari, na katikati keki yenye umbo la simu. Tuliitwa. Duane alisimama mlangoni na glavu zake mfukoni.

"Ingia bwana, kula keki!" Nesi Janelle akamwambia. "Usione haya."

"Mimi pia nilipigiwa, bosi."

"Wewe?" Alicheka, na tunaapa hakukuwa na ubaya katika kicheko kile. "Jamani Duane, fidia hii ni ya manesi."

Kengele ya mgonjwa wa chumba cha kumi na mbili ikalia. Hakuna kichwa kilichoinuka mezani. Duane akaweka chini sahani aliyopewa, akaenda. Sisi wengine tulibaki tukala. Keki ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Kisha tukafagia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, katika risala watu husema "changamoto" wakiwa na maana ya paa linalovuja. Letu halivuji. Changamoto yetu ni wivu. Neno hili tulilijadili, wengine wakataka tuandike "masikitiko". Tukaona tutakuwa waongo.

Tunawaonea wivu manesi. Nesi mmoja wa ghorofa yetu amebadilisha matairi ya gari kwa fidia ile, na kila akiliegesha tunayatazama yale matairi. Wivu wetu hauwezi hata kuwa chuki nzuri, kwa sababu Nesi Janelle ni mtu mwema, na ukitaka kumchukia mtu mwema utachoka kabla yake.

Duane aliomba fidia kama wengine. Fomu ilidai namba ya leseni ya unesi. Yeye hana leseni, akaandika namba ya kitambulisho chake cha kazi, akiamini kwamba namba ni namba. Barua ikarudi kutoka ofisi yako, mstari mmoja: hakuthibitisha kwamba yeye ni nesi. Anaibeba mfukoni. Mashine ilipotaka kumnyima usingizi, alikuwa nesi kwa miaka minne. Ilipofika zamu ya kulipwa, akaacha kuwa nesi kwa mstari mmoja.

Tunakiri na jambo jingine, kwa kuwa tumeshaanza kusema ukweli. Mwezi uliopita chuo cha wilaya kilimwandikia Duane kwamba amepata nafasi ya kusomea unesi, mwaka mmoja, kuanzia Januari. Aliileta barua kazini mwanzo wa zamu ya usiku. Hakuna aliyempongeza. Mmoja wetu alisema, "Uzee huo, utamchoma nani sindano?" Mpaka alfajiri kila mtu aligeuza wagonjwa wake tu. Ule nao ulikuwa wivu, na mbaya kuliko ule wa matairi. Alfajiri Rochelle alikwenda kumkumbatia, ndipo sisi wengine tukapata aibu. Risala hii imetokana na aibu hiyo.

Nafasi yake itashikiliwa hadi tarehe kumi na tano mwezi huu. Hana karo, nasi tumechanga haikutosha.

MAOMBI

Tumesikia kwamba fedha za fidia zimebaki nyingi. Manesi wengi walipopata ile kadi ya kuwaita wakalipwe, walidhani ni walaghai wengine, wakaitupa. Hatuwacheki. Hata sisi tungeitupa. Tumesikia pia kwamba wewe ndiwe utakayeshauri mahakama masalio yaende wapi, na kwamba chama cha manesi kimeomba yaende kwenye mkutano wao wa mwaka.

Tunaomba yasomeshe wasaidizi waliopigiwa simu kwa jina la nesi na wasilipwe kwa jina hilo.

Tunaomba aanze Duane Sabo, kwa kuwa tarehe kumi na tano haisubiri. Tulipiga kura. Kumi walikubali, mmoja alipinga. Aliyepinga ni yeye.

Na fomu zenu zijazo ziwe na kisanduku cha tatu, cha Msaidizi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, huyu anayekusomea ndiye Duane. Alitaka asome mwingine. Tulimwambia kwamba amemsikiliza yule mwanamke miaka minne, na wewe unaweza kumsikiliza yeye kwa robo saa. Kama ameharakisha mahali, msamehe. Sehemu ile ya barua tulimlazimisha aisome.

Mungu akufikishe nyumbani barabara ikiwa kavu, na akupe usingizi usiokatwa na mtu.

Ukishaamua, tafadhali usituandikie barua. Barua moja tunayo tayari. Mpigie. Simu yake haizimwi, hata saa nne asubuhi. Ila upige wewe mwenyewe, kwa sauti yako.

Ni sisi,
Wasaidizi wa Manesi, Ghorofa ya Nne,
Hospitali ya Mtakatifu Brannock, Harker's Ford, Ohio.