Verna Stroud, Dereva wa Gari la Kijani

"Bibi, kwa nini ulilegeza mguu?"

Nilimuuliza hivyo bibi yangu, marehemu Verna Odell Stroud, mwaka 2014, nikiwa na miaka minane, tukiitazama filamu yake sebuleni. Mjomba Royce akadakia, "Aliogopa huyo." Bibi akamwambia, "Kula bisi zako, Royce."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Tucumcari, New Mexico, binti pekee wa mwenye lori la kuvuta magari mabovu. Alisoma hapahapa, akamaliza sekondari mwaka 1964. Kuendesha alijifunzia kwenye lori hilo la baba yake, akikalia mto ndipo aone mbele.

Mwaka 1971 walikuja hapa watu wa kupiga filamu ya mashindano ya magari ya kuvuka Amerika, kutoka bahari hadi bahari. Mwigizaji wa kike hakujua gia, kwa hiyo yule mnayemwona akilipeperusha gari la kijani ni Bibi. Katika onyesho la mwisho mwongozaji aliwaambia madereva wawili washindane kwelikweli hadi darajani. Atakayefika kwanza, ndiye mshindi wa filamu. Bibi aliongoza karibu njia nzima, kisha akapunguza mwendo, gari jeupe likampita. Nchi nzima iliona. Watu wa filamu walisema ni mwoga, na hawakumwita tena.

Hakulalamika. Tarehe 2 Juni 1973 aliolewa na Leland Stroud, dereva yuleyule wa gari jeupe. Walifungua gereji, na Bibi akaendesha malori ya ng'ombe hadi Amarillo kwa miaka ishirini na sita bila ajali hata moja. Babu alimtania mpaka uzeeni, "Mke wangu, leo nikupishe?" Bibi alicheka tu.

Babu alifariki mwaka 2021. Mwaka huu moyo wa Bibi ulianza kuchoka, akatutoka nyumbani kwake tarehe 14 Oktoba 2023. Ameacha watoto wawili, Royce na mama yangu Marlene, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Tunatembea vifua mbele kwa kuwa watu wake. Mungu ampe usingizi mwema.

Mwezi Agosti nilimuuliza tena. Aliniruhusu niwasomee jibu lake, maana Babu hayupo tena wa kuona aibu:

"Gurudumu lake la mbele lilikuwa linacheza, nililiona kwenye kioo. Nati alizikaza mwenyewe asubuhi ile. Ningekanyaga mafuta, naye angekanyaga, na gurudumu lingechomoka. Walipokuwa wanampongeza, nilichukua spana nikazikaza."