Wajukuu Wanapita Mjini

Pale barabara ya maduka inapokutana na uchochoro wa mafundi, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu yake na wa nne wa matofali. Hapo ndipo kijiweni. Mama Birika anauza kahawa upande wa kivuli, na wateja wake wa kudumu wanakaa hapo kutatua matatizo ya dunia, ya nyumbani kwao yakiwasubiri. Yuko Waziri, aliyekuwa tarishi wa wizara kwa miaka mingi, akastaafu na tai moja na tabia ya kuongea kama anahutubia. Yuko Rubani, aliyefagia ndani ya ndege kwa miezi mitatu ya ujana wake, na tangu hapo hakuna jambo la angani linalompita. Na yuko Mzee Zipu, mwenye kibanda cha kushona mabegi, ambaye ametengeneza mabegi ya nusu ya wasafiri wa mji huu na mwenyewe hajawahi kupanda hata lifti. Siku hiyo Mzee Zipu hakuwa kwenye cherehani yake. Alikaa benchini, kavaa koti lake la harusi, simu mkononi, roho juu juu.

— Vipi, Mzee Zipu, unaoa tena? Rubani akamchokoza.

— Wajukuu zangu wanakuja leo.

Kikombe cha Waziri kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Wajukuu hao kila mtu kijiweni alikuwa anawajua, lakini kwa simu tu, wakipunga mikono na kuonyesha meno yaliyong'oka. Binti pekee wa Mzee Zipu aliolewa mbali, akazalia huko huko, na sasa mumewe kapata kazi nchi nyingine, mbali zaidi. Katika kuhama huko, ndege ya kwanza inawashusha hapa asubuhi, na ya pili inawachukua jioni. Binti akampigia baba yake: usije uwanjani, Baba, tutapishana bure, nitachukua teksi mpaka kijiweni. Watoto wanataka kuona mji.

— Basi hongera! Sasa mbona uso umekunja kama umepokea msiba? Mama Birika akauliza.

— Naogopa, mama. Wananijua kwa simu tu. Siku niliyopewa ndiyo hii moja. Wakiondoka bila kitu cha kukumbuka, watakua wakisema babu yetu alikuwa picha kwenye kioo. Hebu niambieni, niwapeleke wapi?

Kuuliza swali kama hilo kijiweni ni kuwamwagia kuku mtama. Waziri akasimama, akaweka tai sawa.

— Mnara! Mji hauonekani ukiwa chini. Wapandishe mnara mpaka juu kabisa, wauone wote kwa mpigo. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kwani mnara uko mvunguni? Mama Birika akauliza.

— Ukiwa juu ya mnara, Mama Birika, mji mzima uko mvunguni.

Rubani akatikisa kichwa polepole, kwa huruma ya daktari mwenye majibu mabaya.

— Mnara utawamaliza hao watoto.

— Utawamaliza vipi? Mzee Zipu akashtuka.

— Sikiliza, mzee. Mtu akishuka kwenye ndege, mwili umetua, lakini damu bado iko angani. Inashuka taratibu. Sasa wewe unaupandisha mwili tena kabla damu haijafika. Vinapishana.

— Vinapishana wapi?

— Masikioni.

— Hayo umeyasoma wapi, wewe? Mama Birika akadakia.

— Mimi nimefagia ndege, mama. Kuna mambo mengi nimeokota chini ya viti.

Waziri akakohoa, akasema kama mnara una matatizo ya damu, basi wapelekwe makumbusho. Huko kuna mifupa ya mnyama mkubwa kuliko basi.

— Mtoto umtoe kwenye ndege umpeleke kwenye mifupa? Rubani akaruka. Si atadhani ndio abiria waliotangulia?

— Hebu subirini, Mama Birika akasema. Huko makumbusho mmeshawahi kuingia?

— Nilimsindikiza mgeni wa wizara, Waziri akajibu, mpaka mlangoni.

— Na mnara?

— Napita chini yake kila siku. Mnara ule ule, tofauti ni urefu tu.

Simu ya Mzee Zipu ikalia. Wote watatu wakainamisha vichwa vyao juu yake, mpaka mwenyewe hakuona kitu. Tumetua, Baba, tuko foleni ya pasipoti. Mzee Zipu akacheka peke yake, akafuta kioo cha simu kwa mkono wa koti. Waziri naye akaanza kupanga ratiba kwa vidole: mnara, makumbusho, bustani ya wanyama, kisha wizarani wakapande lifti.

— Lifti ya wizara ina kioo, akasema. Mtoto anajiona anavyopanda cheo.

— Na kula je? Mzee Zipu akauliza kwa woga. Nilitaka niwanunulie kitu kizuri.

— Ohoo! Rubani akashika kichwa. Kula tena? Mzee, ile ndege imeshapigiwa hesabu ya uzito. Watoto wameandikwa na kilo zao. Ukiwashibisha huku, wanarudi wamezidi, ndege inakimbia weee, inakataa kunyanyuka. Ndiyo maana wahenga wakasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Toka hapa! Mama Birika akamrushia kitambaa cha kufutia vikombe. Yaani babu asiwalishe wajukuu zake kwa sababu ya ndege? Hawa watakula, na ndege itajijua.

Kahawa ikamiminwa tena, jua likasogea, kivuli nacho kikahama. Simu ikalia. Bado foleni, Baba. Mbele yetu wako watu wa ndege nzima.

Ratiba ikaanza kukatwa. Waziri alikubali kuacha makumbusho, kwa shingo upande. Bustani ya wanyama ikafa bila mtetezi. Lakini lifti ya wizara akaing'ang'ania kama mali ya urithi.

— Haraka haraka haina baraka, akasema.

— Na hiyo ndege inasubiri baraka? Mama Birika akauliza.

Mzee Zipu hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa anatazama barabara. Kila teksi iliyokata kona aliinuka nusu, na kila iliyopita alikaa tena, na benchi likawa linalia kwa niaba yake.

Saa nane ikapita ndipo ujumbe ukaja: tumetoka, tuko njiani, magari hayaendi.

— Basi nina wazo, Waziri akasema, safari hii kwa sauti ya chini, kama siri ya serikali. Huna muda wa mji mzima. Wapakie kwenye teksi, wazungushe mzunguko wa hapo mbele. Ukimaliza, mtoto abadilishe dirisha, mnazunguka tena. Mara nne. Wao wataona miji minne.

— Wewe ndiyo maana serikali ilikuwa inakutuma barua tu, Mama Birika akamwambia.

— Mnahangaika bure, Rubani akasema, naye akasogea karibu na Mzee Zipu. Badala ya kufupisha mji, tuirefushe siku. Namjua jamaa mmoja pale uwanjani, tulifagia pamoja. Nampigia sasa hivi. Anaingia ndani ya ndege na fagio lake, anapiga kelele: nyoka! Chini ya kiti! Ndege yenye nyoka hairuki. Watatafuta mpaka kesho, na nyoka hayupo, kwa hiyo hawatampata. Wajukuu wanalala kwako.

Mzee Zipu akageuka, akamtazama Rubani usoni.

— Mzee wangu, Mama Birika akasema, usimsikilize huyu.

— Simsikilizi, Mzee Zipu akajibu. Halafu akamwinamia Rubani. Lakini huyo jamaa bado yuko kazini?

— Mzee Zipu!

— Nauliza tu, mama. Nauliza tu.

Ndipo teksi ikasimama mbele ya benchi. Binti akateremka, nywele zimevurugika, mtoto wa kiume wa miaka minne kiunoni, na wa kike kama wa miaka minane akishuka nyuma yake na mkoba mgongoni. Mzee Zipu alikuwa ameandaa maneno tangu juzi. Akabaki amenyoosha mikono tu.

— Baba, binti akasema, akamwangukia begani. Nisamehe, Baba. Dereva anasema njia ya kurudi ni mbaya zaidi. Tuna saa moja tu, na hiyo yenyewe ya kuiba.

Msichana akaenda kwa kila mtu na shikamoo yake, kama alivyofunzwa. Rubani, ambaye hupaka nywele rangi na hajakubali uzee mpaka leo, akaipokea kwa uchungu. Mvulana yeye aliwekwa chini mbele ya Mzee Zipu. Akamtazama usoni, akamtambua. Macho yake yakashuka kwenye koti, yakashuka kwenye suruali, yakafika chini, yakaduwaa.

— Dada! akaita kwa nguvu. Dada, njoo uone! Babu ana miguu!

— Kwenye simu tunamwona mpaka hapa, msichana akawaeleza wakubwa kwa aibu, akigusa kifua.

Kijiwe kikapasuka kwa kicheko. Mzee Zipu akanyanyua mguu mmoja ili mtoto ahakikishe, kisha wa pili, huku machozi yanamtoka wazi wazi na hana habari ya kuyafuta. Mvulana akagusa kiatu, akaridhika.

— Muda, ndugu zangu, muda! Waziri akapiga makofi. Watoto, tazameni kule, nyuma ya lile tangi la maji. Mnaona ncha?

— Ile nyekundu? msichana akauliza.

— Hiyo hiyo. Huo ndio mnara. Mmeuona?

— Tumeuona.

— Basi, mnara tayari. Kinachofuata!

Kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mvulana alikuwa ameshaingia kibandani, amekuta begi kubwa la mteja lililofungwa magurudumu mapya jana yake, na amelipanda kama farasi.

— Babu, endesha!

Mzee Zipu akatazama begi la watu, akatazama mjukuu. Akashika mpini. Akalivuta mpaka mwisho wa uchochoro, akarudi. Mvulana akataka tena. Safari ya pili mzee alikuwa anakimbia, koti la harusi limefunguka, na Waziri katangulia mbele akisimamisha wapita njia kwa mkono mmoja kama msafara wa mkubwa. Msichana akasema na yeye anataka, kisha akasema yeye atavuta na babu apande. Babu akapanda. Mafundi wa uchochoro mzima walitoka nje kushuhudia mzee anakokotwa juu ya begi, magoti yamemfika kidevuni, anapiga kelele za kuomba aendeshwe polepole na hakuna anayemsikia. Binti yake alicheka mpaka akakaa chini, kwenye ukingo wa barabara, na nguo zake za safari.

Mama Birika akawapa watoto mkate na maziwa ya moto. Rubani akafungua mdomo kutaja habari za kilo, akaona jicho la mama yule, akaufunga.

Dereva akapiga honi mara ya kwanza. Hakuna aliyegeuka. Ya pili, binti akainuka, akajipangusa, akaanza kuwaita watoto kwa sauti ile ya akina mama isiyo na mjadala. Akamkumbatia baba yake kwa muda mrefu.

— Nilitaka waone mji, Baba.

— Wameona, Waziri akasema kwa uhakika. Mji ndio huu.

Msichana akaingia garini, macho yamelowa, maana yeye alikuwa na umri wa kuelewa. Mvulana akabaki chini, jasho usoni, maziwa mdomoni, kamshika babu yake kidole.

— Babu, akasema, na kesho tutaenda wapi?

Mzee Zipu akafungua mdomo. Mvulana akangoja, na alipoona babu kachelewa, akamgeukia Waziri, ambaye siku nzima alikuwa na pa kuwapeleka. Waziri akaangalia tai yake. Mtoto akamgeukia Rubani, na Rubani, mwenye jibu la kila kitu kinachoruka, akageuza uso akaangalia ukuta. Mama Birika akainamia vikombe visivyohitaji kuoshwa. Tangu benchi lile liwekwe pale, hakuna swali lililowahi kukosa mtu wa kulijibu, hata kwa uongo, na Mzee Zipu alikuwa anautafuta huo uongo kwa nguvu zote.

Akachuchumaa mpaka wakalingana.

— Panda kwanza garini, mjukuu wangu. Babu bado anafikiria.

— Haya, mtoto akasema, akapanda, akachungulia dirishani. Fikiria vizuri, Babu. Tukiamka tu nitakuuliza.