Ungo wa Mama Agnella

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Agnella Likwata, mshauri nasaha wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwasikiliza watu wa Ifakara na bonde zima. Sisi wenzake wa kituo cha ushauri tunacheka na kulia kwa pamoja, tusifichane.

Alikuja kwetu akitokea Malinyi, na baiskeli yake na sauti ya upole. Wakulima walioona aibu kusema wana huzuni walimjia wakisingizia kichwa kinauma. Yeye aliwasalimu vizuri, akauliza habari za mashamba, na muda si mrefu walikuwa wameshamweleza yote.

Lakini kusikiliza nako kunachosha jamani! Mwaka ule wa mafuriko Mama Agnella alipokea misiba kutwa nzima, akarudi nayo nyumbani, usingizi ukamkimbia. Akamwambia mkuu wetu wa wakati huo, Mzee Anselim, kwamba amefika mwisho, anarudi kulima. Mzee akamsihi akapumzike kwao kwanza, ndipo aamue.

Kule Malinyi mama yake alimpakatisha ungo wa mchele tu, bila mahubiri. Agnella akatoa chuya, akatoa kijiwe, pumzi ikashuka, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko mawazo yake yakatulia pale pale alipokaa. Akarudi kazini na ungo. Tangu hapo, mteja akitoka, Mama Agnella hufunga mlango na kuchambua mchele kidogo, akili yote kwenye punje, kisha ndipo humwita mwingine. Raha ya kazi ikamrudia na haikuondoka tena. Wanaosema ushauri nasaha unamaliza watu waje wamtazame.

Mwanzoni hatukuelewa. Valentino wa jikoni alidhani anasaidiwa kazi, akaubeba mchele, akaupika. Mama Agnella alitoka chumbani akatukuta tunajilamba, akacheka mpaka akakaa chini. Na wali wenyewe, lo, haukuwa na hata kijiwe!

Mwezi uliopita mwenzetu Gladness, atakayerithi chumba chake, naye alisema hawezi tena. Mama Agnella hakumhutubia. Alimsogezea ungo, wakachambua pamoja mpaka punje ya mwisho. Gladness yupo, na Jumatatu ana wateja.

Asante sana, Mama. Nenda ukapumzike, afya iwe tele na usingizi uwe mtamu. Ungo umetuachia, nasi tutaulinda: Valentino ameshaonywa.