Rula na Mshale wa Kurudi

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mliokusanyika hapa mlimwita Rula mpaka mkasahau jina alilopewa, alizaliwa Jumanne tarehe 12 Machi 1974, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, nyumba ya tatu kutoka karakana ya treni. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu mzee wetu, mchora mabango ya maduka, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya, alifuata miaka mitatu baadaye.

Alianza darasa la kwanza Januari 1981. Jina la Rula alilipata darasa la tatu. Mwenzake wa dawati alikuwa na tabia ya kutanua viwiko, basi siku moja dada yetu akatoa rula, akapima dawati, akagawa kwa mbili, akachora mstari wa chaki katikati. Mwalimu alipoingia akauliza, "Nani kachafua dawati?" Akasimama. "Mimi, Mwalimu. Lakini nimepima." Mwalimu akachukua rula akapima mwenyewe, akakuta ni sawasawa. Hakumchapa. Alisema tu, "Kaa chini, Rula," na likabaki hilo.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1987 na kidato cha nne mwaka 1991. Mwaka wa 1990 mzee alianguka kutoka kwenye ngazi akichora bango, mkono wake wa kulia usipone vizuri, na ikabidi mtoto mmoja tu aendelee na shule. Aliendelea Rula, mdogo wake akaingia kwenye kazi ya mikate, ambayo anaifanya mpaka leo. Hakuna aliyenung'unika. Lakini Rula hakulisahau jambo hilo hata siku moja, na mtakapofika mbele mtaona kwamba lilimfunga.

Alisoma chuo cha uchapaji kuanzia 1992 hadi 1994, na Februari 1995 akaajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji kama mpangaji wa kurasa. Mashine moja kiwandani ilikuwa na kitufe cha kusimamisha kilichowekwa nyuma, mahali ambapo mtu hafiki bila kuizunguka. Aliandika barua tatu mpaka kikahamishiwa mbele. Fundi mmoja alimwambia, "Wewe dada, hata jeneza lako utalidai mlango." Alicheka sana.

Tarehe 8 Agosti 1998, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi wa majokofu, shemeji yetu, ambaye alikuja kutengeneza jokofu la jirani akaondoka na anwani isiyo ya jirani. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2001. Nyumba yao ilikuwa ya maneno mengi na vicheko vingi. Kila Jumapili mdogo wake alikwenda na mkate chini ya kwapa, na shemeji hakukosa neno: "Karibu, bwana unga. Umekuja kutuona au umekuja kutupima kama tumeumuka?"

Mwaka 2011 kiwanda cha uchapaji kilipofungwa, Rula alipata kazi katika kampuni inayotengeneza kivinjari cha simu, yaani ile programu mtu anayoifungua ili asome habari au atafute jambo mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kuamua kila kitu kikae wapi kwenye kioo: pa kuandika, pa kubonyeza, pa kutokea. Mama alipomuuliza anafanya nini hasa huko, alisema, "Nafanya kazi ya Baba, Mama. Napanga mabango, ila la kwangu linaingia mfukoni."

Mwaka 2021 kampuni iliamua kukipa kivinjari hicho uso mpya, na ofisi ikagawanyika vipande. Walikuwepo waliotaka sehemu ya kuandikia ishuke chini, karibu na kidole gumba, na walikuwepo walioapa kwamba ikishuka wao wanaacha kazi. Waliitana Wajuu na Wachini, na ilifika mahali chai ikachemshwa kwa birika mbili. Rula hakujali ya juu wala ya chini. "Hayo watu watazoea," alisema. Kilichomnyima usingizi ni mshale, ule mshale mdogo wa kurudi kwenye ukurasa uliotangulia. Uso mpya uliuondoa, ili ukurasa ujae kioo kizima. Kurudi sasa ilibidi mtu atelezeshe kidole kutoka ukingoni mwa kioo kuja katikati, na hapakuwa na alama yoyote ya kumwambia hivyo.

"Mmejenga chumba kizuri kisicho na mlango," Rula aliwaambia kikaoni.

"Mlango upo," mkuu wa kitengo akajibu. "Ukuta mzima ni mlango."

"Mgeni ataujuaje?"

"Atapapasa, Rula. Watu si wajinga."

Walibishana wiki nyingi. Mwisho wakakubaliana, na wakaandika: waitwe watu kumi na wawili wa kawaida, wapewe simu yenye uso mpya. Tisa wakiweza kurudi bila kusaidiwa, mshale uondoke. Wakipungua tisa, mshale ubaki. Ofisi ilitaka watu wa kila aina, na walipokosekana watu wasio na masomo marefu, Rula alimtaja mdogo wake.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 17 Machi 2022. Mdogo wake alikuwa mtu wa mwisho. Aliyepangiwa kukaa naye alikuwa ameugua siku hiyo, ikabidi akae dada yake mwenyewe. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, viti viwili, na kamera juu inayoona kioo cha simu peke yake. Masharti ya kazi ile ni magumu kuliko yanavyosikika: anayesimamia anakaa kimya, mikono magotini, hata akimwona mtu anazama.

Na mdogo wake akazama. Alifungua ukurasa kama alivyoambiwa, akaambiwa arudi, na asijue pa kugusa. Aligusa juu, akagusa chini. Akaitingisha simu. Jasho likamtoka. "Dada, hapa nimefungiwa," akasema. Rula hakujibu. Mdogo wake akaanza kufuta viganja kwenye suruali, na Rula alimjua tangu utotoni. Ndivyo alivyofuta viganja alipokuwa akisimamishwa mbele ya ubao, siku za mwisho za shule yake. Dakika mbili zikapita. Ndipo Rula akakohoa, akaweka kidole ukingoni mwa meza, akakiburuta taratibu kuja katikati.

Mdogo wake akafanya vilevile kwenye kioo. Ukurasa ukarudi.

Walipohesabu jioni, waliofaulu walikuwa tisa kamili.

Ndugu na marafiki, angeacha mikono magotini, wangekuwa wanane, na mshale wake ungebaki. Wema wake ndio ulioung'oa. Tangu siku ile kila alipofungua kinywa kikaoni, mkuu wa kitengo alimjibu kwa upole, "Tisa kati ya kumi na wawili, Rula. Na wa tisa ni ndugu yako wa damu. Unataka nini tena?" Ili ashinde ilibidi aseme kwamba alivunja sharti la kazi yake mwenyewe, na zaidi ya hapo, aseme mbele ya watu kwamba mdogo wake, aliyeacha shule ili yeye asome, alishindwa.

Na mdogo wake hakumrahisishia. Hakuwa amejua kwamba kile kidole kilikuwa kosa. Alidhani dada amemkumbusha tu. Ofisi ilimpa kadi ya shukrani, akaitia fremu, akaitundika karibu na tanuri. Jumapili alisimulia. "Kumi na wawili tuliingia, shemeji. Watatu wakaanguka. Mimi nikapita."

"Msomi wa kidole," shemeji akasema, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amemweleza yote.

Mdogo wake alipoondoka, shemeji alimwambia Rula, "Mwambie."

"Nimwambie nini? Maisha yake yote hajawahi kupewa karatasi yenye jina lake. Ndiyo ya kwanza ile."

Akalificha zaidi ya mwaka mzima.

Januari 2023 alianza kuvimba miguu na kuchoka bila sababu. Tarehe 19 mwezi huo madaktari walisema figo zote mbili zimechoka. Tangu hapo alikwenda hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa nne kila safari, amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa mirija miwili. Kiti chake kilikuwa cha pili kutoka dirishani. Aliwahi kumwambia muuguzi, "Nilikuwa natafuta mlango kwenye simu. Sasa natafuta hata dirisha, naona kuna mzee kanizidi ujanja."

Ni kwenye kiti kile, mwezi Juni, alipomweleza mdogo wake ukweli.

"Kwa hiyo sikufaulu," mdogo wake akasema.

"Hukufaulu."

"Shemeji anajua?"

"Anajua."

"Na Mama?"

"Mama hajui."

"Basi Mama asijue."

Kisha Rula akamwomba ruhusa. Alitaka kwenda kuwaambia ofisini kabla uso mpya haujatumwa kwenye simu zote. Tayari ulikuwa umetumwa kwenye simu chache za kujaribia, na barua zilikuwa zinaingia. Mama mmoja aliandika kwamba siku hiyo amezima simu mara sita ili atoke kwenye ukurasa mmoja. Mdogo wake alitazama sakafu. "Niache hivyohivyo, dada," akasema. "Tafadhali." Rula akamwambia sawa. Ni vyema ijulikane leo kwamba miezi miwili ile, kilichomfunga dada yetu hakikuwa mashine tu.

Mwezi Agosti Mama alitoweka hewani. Siku nne simu yake haikupatikana, na Rula alikuwa amelazwa, kila akiamka anampigia. Mdogo wake akaenda nyumbani. Akaikuta simu imezimwa, imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya droo ya cherehani.

"Nimeiharibu," Mama akasema. "Nilifungua ukurasa wa dawa za figo, ukakataa kutoka. Nikaona nisiwaambie, mna mambo mengi."

Ilikuwa shida ile ile. Uso mpya ulikuwa umefika kwenye simu ya Mama. Mdogo wake alitelezesha kidole, ukurasa ukarudi, akakaa juu ya kitanda cha Mama na simu mkononi.

"Hujaiharibu, Mama. Hata mimi nilikwama hapohapo. Dada ndiye alinitoa."

"Na ile kadi?"

"Kadi waliikosea."

Mama akamtazama. "Kumbe si mimi peke yangu," akasema, akaenda kuweka chai jikoni kama mtu aliyetua mzigo.

Siku iliyofuata mdogo wake alifika hospitali na nguo za kazini, unga nywelani. "Nenda kawaambie," akasema. "Na mimi nitakuja."

Kikao kilikuwa Jumatano tarehe 27 Septemba 2023, ghorofa ya tatu, saa nane mchana, Rula akiwa ametoka kwenye mashine saa hiyohiyo na bendeji mkononi. Alisema yote kwa maneno machache, akiwa amekaa. Hakujitetea. Mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa mezani, mkuu wa kitengo akamgeukia mgeni wao.

"Lakini sasa unajua kurudi, siyo?"

Mdogo wake si mtu wa kusema mbele za watu. Alishika ukingo wa meza.

"Sasa najua. Nilionyeshwa na dada yangu. Je, nyie mna dada wangapi wa kuwagawia watu?"

Rula aliinamisha kichwa, na wakiwa kwenye ngazi alimshika mdogo wake kiwiko akamwambia, "Hoja hiyo nimeihangaikia miaka miwili na sikuipata."

Kwa kuvunja sharti alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye majaribio yote. Alisema barua ni ya haki. Kuhusu mshale, aliambiwa jambo litatazamwa upya. Kikao cha kulitazama kikapangwa, kikaahirishwa. Kikapangwa tena, kikaahirishwa. Kila alipofunguliwa mirija alimuuliza shemeji kitu kimoja: "Wameandika?" Walikuwa hawajaandika.

Tarehe 4 Novemba alipata maambukizi kwenye damu. Alilazwa chumba cha uangalizi, na Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu na robo asubuhi, akafariki dunia, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Familia inawashukuru wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia na maswali yake kuhusu vitufe vya mashine zao.

Ameacha mume, binti mmoja, mama, mdogo wake mmoja, na wafanyakazi wenzake, Wajuu na Wachini, ambao leo tumewaona wamekaa benchi moja. Mkuu wa kitengo naye yupo, na familia inamshukuru kwa kufunga safari. Tumeambiwa kwamba kikao cha mshale sasa ni Jumatatu. Familia haina maneno mengi ya kuongeza kwa mtu aliyekuja kutuzikia. Inamkumbusha tu, kwa heshima zote, makubaliano yaliyoandikwa: wakipungua tisa, mshale ubaki. Aliyehesabiwa kuwa wa tisa ndiye huyu anayesoma mbele yenu, na hakufaulu. Hesabu ni nane.

Dada yetu amechoka. Apumzike sasa, na apumzike kwa amani.